Anza na Kituo cha Mbali: Mwongozo wa Kusambaza Barua Pepe ya Ofisi Isiolo

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kila mfanyakazi ana barua pepe ya ofisi, kalenda ya pamoja na mahali salama pa kuweka nyaraka. Huenda wewe ni afisa wa TEHAMA wa kaunti. Huenda ni mhasibu wa shirika dogo, na umepewa kazi hii kwa sababu tu ndiwe unayezielewa kompyuta kuliko wenzako. Kwa vyovyote, shika kanuni moja: panga kila kitu ukianzia kituo kilicho mbali zaidi.

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Mjini Isiolo, ofisi nyingi zina intaneti ya kutegemewa, stima na fundi wa karibu. Merti, Sericho au Oldonyiro, karani anaweza kuwa anategemea mtandao wa simu, bando alilonunua kwa pesa zake na paneli ya sola. Ukiujaribu mfumo mjini pekee, utagundua kasoro zake siku ambayo karani wa Merti anahitaji kutuma ripoti na hawezi. Ujaribu Merti kwanza.

Kwa nini ujisumbue?

Wenzako watakuuliza: kila mtu ana Gmail yake na WhatsApp, shida iko wapi? Jibu lako liwe na sababu nne.

*Kumbukumbu.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Afisa wa maji akihamishwa kutoka Garbatulla, makubaliano yote na mkandarasi wa kisima yanaondoka ndani ya simu yake. Anayempokea anaanza upya, na mkandarasi ndiye anayebaki na nakala.

*Sheria.* Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Huwezi kujibu kwa barua zilizo kwenye sanduku la mtu binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka data za watu zikivuja, na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Orodha ya wagonjwa au ya kaya zinazopokea msaada wa ukame ikiwa kwenye simu binafsi iliyoibwa, hata kujua kilichopotea ni vigumu.

*Ulaghai.* Ofisi isiyo na anwani rasmi ni rahisi kuigizwa. Yeyote anaweza kufungua Gmail yenye jina la mkurugenzi na kuagiza malipo.

*Mtandao kukatika.* Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka programu ya barua kwenye kompyuta yenyewe badala ya kutegemea kivinjari pekee. Programu huhifadhi nakala ya barua kwenye mashine. Unasoma na kuandika mtandao ukiwa haupo, na barua zinajituma zenyewe ukirudi.

Maamuzi manne kabla ya kugusa kompyuta

1. Kikoa. Hili ni jina linalofuata alama ya @. Vikoa vya .ke husimamiwa na KENIC: go.ke ni vya serikali, or.ke vya mashirika yasiyo ya faida, co.ke vya kampuni, sc.ke vya shule na ac.ke vya vyuo. Ofisi ya serikali isinunue kikoa pembeni. Ifuate utaratibu wa go.ke. Shirika au sacco isajili kikoa kwa jina lake lenyewe, wala si kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti. Fundi akikosana nanyi au akihama, barua zote za shirika zitakuwa mikononi mwake.

2. Huduma. Kuna njia tatu za kawaida: Microsoft 365, Google Workspace, au seva yenu wenyewe yenye mfumo kama Zimbra. Microsoft na Google hutoa huduma bure au kwa punguzo kwa mashirika yasiyo ya faida yanayotimiza masharti yao, kwa hiyo omba kabla ya kulipa. Seva yenu wenyewe inahitaji mtu wa kuilinda usiku na mchana, nakala rudufu na stima isiyokatika. Kama hamna watu wa kazi hiyo, msiianze.

3. Programu ya kwenye mashine. Ukiwa na Microsoft 365, Outlook ndiyo chaguo la kawaida. Kwa huduma nyingine, Thunderbird ni ya bure, ni nyepesi na inafanya kazi vizuri bila mtandao. Kagua umri wa programu mlizo nazo. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kufunga kabisa njia ya zamani ya kuingia kwa jina na nywila pekee, hivyo Outlook 2010 haiunganiki tena na huduma yake. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

4. Kanuni ya majina. Hapa ofisi nyingi hujikwaa, na Isiolo ina sababu yake. Waborana, Wasomali na Waislamu wengi hujitambulisha kwa majina matatu: lao, la baba na la babu. Jina la ukoo halipo. Ukitumia kanuni ya herufi ya kwanza na jina la mwisho, utapata msururu wa watu wote wanaodai a.mohamed, na hati ya mshahara wa mmoja itaishia kwa mwingine. Kanuni inayofaa ni hii:

- Jina lake, nukta, jina la baba.
- Wakigongana wawili, ongeza herufi ya kwanza ya jina la babu. Usitumie namba, hakuna anayekumbuka nani ni wa 2 na nani ni wa 3.
- Fuata tahajia ya kitambulisho. Mohamed, Mohammed na Muhamed ni anwani tatu tofauti.
- Kila cheo kinachopokea barua za umma kipewe sanduku lake la pamoja, mfano maji@, afya@ au merti@, linalofunguliwa na watu wawili au zaidi. Watumishi huhamishwa, anwani ya cheo inabaki.

> SANDUKU LA 1: FOMU YA KUKAGUA KITUO
> Jaza moja kwa kila kituo, ukianza na kilicho mbali zaidi.
> ☐ Wafanyakazi wangapi? Wangapi wana kompyuta ya ofisi?
> ☐ Kila kompyuta: toleo la Windows, ukubwa wa diski, nafasi iliyobaki
> ☐ Mtandao gani unashika vizuri, na ni saa ngapi za siku?
> ☐ Nani hulipia bando, na la kiasi gani kwa mwezi?
> ☐ Stima inatoka wapi? Inakatika kwa muda gani?
> ☐ Nani ana simu janja, na nani ana kabambe?
> ☐ Barua za ofisi sasa zinapitia anwani zipi?
> ☐ Nani mwenye ari hapo, atakayekuwa msaidizi wako?

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Piga hesabu ya bando. Kifurushi cha Microsoft 365 kina uzito wa gigabaiti kadhaa. Tuseme ni tatu: kompyuta 40 zikijipakulia kila moja kivyake, hizo ni gigabaiti 120. Kiambatisho cha megabaiti 10 kikitumwa kwa watu 60 ni megabaiti 600 zinazoshuka kwenye mabando yao. Peleka hesabu hii kwa mkurugenzi kabla ya kuanza, pamoja na ombi la bando la ofisi kwa kila kituo. Usimwombe karani asome barua za ofisi kwa pesa zake. Ataacha kuzisoma, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Hatua ya 2: Weka rekodi za kikoa. Pamoja na rekodi inayoonyesha barua zipokewe wapi, yaani MX, zinahitajika tatu za kuthibitisha kwamba barua ni yenu kweli. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM hutia sahihi kila barua. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua iliyoshindwa mtihani huo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti haya, hasa kwa anayetuma barua nyingi. Ukiyapuuza, barua zenu zitaishia kwenye folda ya taka za mfadhili.

*Tahadhari:* kikoa kiwe na rekodi moja tu ya SPF. Mkiwa na mbili, zote huhesabika kuwa batili. Anza DMARC kwa hali ya kutazama tu, soma ripoti zake kwa wiki chache, kisha ndipo ukaze.

Hatua ya 3: Tengeneza kifurushi cha kubeba. Pakua mara moja mjini, penye mtandao mzuri, usiku. Kwa Microsoft 365 tumia Office Deployment Tool: inakupa folda moja yenye kila kitu, na faili ya mipangilio inayosema kisakinishwe nini. Acha nje programu zisizohitajika. Kwa Thunderbird, chukua kisakinishi pamoja na faili ya policies.json iliyobeba mipangilio yenu. Weka vyote kwenye flashi mbili, kwa sababu moja itapotea au itashika virusi. Zipime kwa programu ya kuzuia virusi kabla na baada ya kila kituo.

Hatua ya 4: Panga barua zikae kwenye mashine kwa kiasi. Mipangilio ya kawaida huvuta barua za mwaka mzima au zote. Kwa kituo kinachotumia bando, hilo ni janga la siku ya kwanza.

> SANDUKU LA 2: MIPANGILIO YA KITUO CHA MBALI
> - Tumia IMAP au njia ya Exchange, kamwe usitumie POP. POP inaweza kushusha barua na kuzifuta kwenye seva. Laptopu ikiibwa, barua zimekwenda nayo.
> - IMAP: mlango wa 993. Kutuma: 587 au 465. Zote zikiwa na usimbaji fiche.
> - Outlook: weka barua za mwezi mmoja hadi mitatu zikae kwenye mashine, za zamani zinabaki kwenye seva.
> - Thunderbird: weka kikomo cha siku, na uizuie kushusha barua nzito mpaka mwenyewe azifungue.
> - Picha zilizo ndani ya barua zisijifungue zenyewe.
> - Masasisho: kompyuta za kituo kimoja zigawane sasisho lililokwisha kushuka, badala ya kila moja kuvuta lake.
> - Washa usimbaji fiche wa diski kwa kila laptopu inayosafiri, na utunze ufunguo wake makao makuu.

Hatua ya 5: Jaribu Merti kwa wiki mbili. Chagua watu watano wa kazi tofauti: karani, muuguzi, afisa wa maji, mhasibu, msimamizi wa wadi. Kaa nao siku ya kwanza, kisha uondoke, maana ukiwapo watakutegemea wewe badala ya mfumo. Waachie majaribio haya:

1. Zima mtandao. Fungua barua ya wiki iliyopita. Inafunguka?
2. Mtandao ukiwa bado umezimwa, andika barua yenye kiambatisho uitume. Iko kwenye folda ya zinazosubiri?
3. Washa mtandao. Imeondoka yenyewe?
4. Weka mkutano kwenye kalenda ya pamoja. Mwenzako wa Isiolo ameuona?
5. Angalia salio la bando asubuhi kabla ya kufungua programu, na tena jioni. Andika tofauti kwenye daftari kila siku.

Zoezi hili la tano usilikose. Daftari lenye safu mbili za salio, la asubuhi na la jioni, litakuonyesha kama mipangilio ya Sanduku la 2 imeshika. Matumizi yakipanda ghafla siku moja, uliza siku hiyo hiyo kilichofunguliwa. Mara nyingi utakuta ni barua iliyopigwa skana kwa rangi na kwa ubora wa juu kupita kiasi. Rekebisha skana za ofisi zote: nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, zinatosha kwa barua ya kawaida.

Hatua ya 6: Sambaza kwa awamu. Baada ya Merti, nenda Garbatulla, Kinna na Sericho, kisha Oldonyiro. Mjini mwisho. Mkuu wa ofisi aanze kutumia anwani mpya mapema, na ajibu kwa anwani hiyo pekee. Watu humfuata mkubwa wao kuliko wanavyofuata waraka.

Siku moja au mbili kabla ya kuhamisha njia ya barua, punguza muda wa rekodi za kikoa kukumbukwa uwe sekunde 300. Seva ya zamani iache iendelee kwa wiki mbili. Kuna barua zitakazochelewa njiani.

Hatua ya 7: Hamisha barua za zamani kwa adabu. Usiombe nywila ya Gmail ya mtu, wala usinyonye sanduku lake zima. Humo mna mambo ya familia yake. Mwenyewe achague barua za ofisi na kuzipeleka kwenye sanduku la cheo, na mwandike kwenye karatasi kwamba amemaliza.

Hatua ya 8: Fundisha kwa kazi halisi. Vikundi vya watu wasiozidi wanane, saa mbili, kila mtu na kompyuta yake. Mfundishe mhasibu kwa kutuma hati ya malipo, muuguzi kwa kutuma ripoti ya mwezi. Bandika ukurasa mmoja ukutani wenye namba ya simu ya msaada. Msaidizi wa kituo awe anayezungumza na wenzake kwa lugha waliyoizoea, iwe Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru au Kisamburu.

Kushirikiana: kila chombo na kazi yake

Usijaribu kuifuta WhatsApp, hutaweza. Kubalianeni kwa maandishi:

- WhatsApp na simu: dharura na kukumbushana. Hakuna orodha za wagonjwa, namba za vitambulisho wala hati za malipo.
- Barua pepe: maagizo, maombi, idhini na mawasiliano na watu wa nje.
- Folda ya pamoja: hati moja, mahali pamoja. Tuma kiungo badala ya kiambatisho. Kwa kituo cha mbali, weka alama faili zinazohitajika zikae kwenye mashine pia.
- Mkutano wa video: mtu wa mbali aruhusiwe kuzima kamera au kujiunga kwa simu ya kawaida. Uamuzi uandikwe na kutumwa siku hiyo hiyo.

Usalama usiohitaji simu ya bei ghali

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, ukianza na wakurugenzi, wahasibu na wewe mwenyewe. Apu inayotoa namba za siri hufanya kazi hata bila mtandao, mradi saa ya simu iwe sahihi. Kwa vituo vya mbali ni afadhali kuliko kusubiri ujumbe mfupi usiofika. Mwenye kabambe apewe ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Kila mtu achapishiwe namba za dharura, zifungiwe kwenye kabati la ofisi, wala zisibandikwe chini ya kibodi.

Akaunti za usimamizi ziwe mbili, mikononi mwa watu wawili, na zisitumike kusomea barua za kila siku.

> SANDUKU LA 3: AGIZO LA MALIPO LIKIJA KWA BARUA PEPE
> 1. Akaunti ya benki imebadilika? Simama.
> 2. Soma anwani yote ya mtumaji, herufi kwa herufi. Jina linaloonekana halitoshi.
> 3. Mpigie mwenyewe kwa namba iliyo kwenye faili la zamani. Usitumie namba iliyo ndani ya barua hiyo.
> 4. Watu wawili watie sahihi.
> 5. Ukishuku ulaghai, usifute barua. Mwarifu msimamizi na polisi, na muandikie KE-CIRT, kitengo cha taifa cha usalama wa mtandao.

Makosa ya kawaida

- Kuhama mwezi Juni. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Wahasibu hawatakuwa na nafasi, na barua ya malipo ikipotea wakati huo lawama ni yako.
- Kupanga safari za vituoni wakati wa masika au vuli. Barabara za vumbi hugeuka tope, na fundi anaweza kukwama na flashi zake.
- Mafunzo Ijumaa mchana. Watu wanakwenda swala ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani fundisha asubuhi.
- Nywila moja kwa ofisi nzima. Jambo likiharibika, hutajua nani alifanya nini.
- Kusakinisha programu za wizi. Nyingi huja na virusi, na hazisasishwi.
- Kudhani barua zikiwa mtandaoni zina nakala rudufu. Zilizofutwa hukaa muda mfupi kisha huondoka moja kwa moja. Weka nakala ya masanduku ya vyeo kila robo mwaka, na ujaribu kuirejesha.
- Kumwachia mtu mmoja kila kitu. Andika mipangilio yote, ifungiwe kwenye bahasha kwa mkuu wa ofisi.

Mtumishi anapoondoka

Mfumo wako utapimwa siku mtu anapohamishwa au kustaafu. Wape watu wa rasilimaliwatu utaratibu huu, na wasimpe anayeondoka barua ya kumaliza kazi kabla hatua za hadi siku ya mwisho hazijakamilika:

☐ Siku saba kabla: anahamishia barua za kazi zinazoendelea kwenye sanduku la cheo.
☐ Siku ya mwisho: akaunti inafungwa, nywila inabadilishwa, simu na laptopu zinaondolewa kwenye mfumo.
☐ Siku hiyo hiyo: jina lake linatolewa kwenye masanduku ya pamoja na makundi ya WhatsApp ya ofisi.
☐ Kwa siku 90 zinazofuata: jibu la moja kwa moja linawaelekeza wanaomwandikia kwenye anwani ya cheo.
☐ Akaunti haifutwi mpaka msimamizi athibitishe kwa sahihi kwamba kila barua ya ofisi imehifadhiwa.

Anayempokea akiketi mezani na kuzikuta barua zote za mkandarasi wa kisima, kuanzia ombi la kwanza hadi hati ya mwisho ya malipo, ataendelea na kazi asubuhi hiyo hiyo. Na watu wa Garbatulla wanaosubiri maji hawatalipia uhamisho wa afisa kwa miezi ya kuanza upya.